Zawadi za Krismasi ukiwa Mbeya: kipi uagize kwa simu, kipi ukakishike mwenyewe sokoni

Ikifika Oktoba simu yangu hujaa orodha. Mwalimu aliyeko Ileje anataka viatu vya watoto watatu, nesi wa Makete anataka blanketi la mama yake, kijana wa machimbo ya Chunya anataka simu ya mdogo wake. Wananitumia pesa, nawanunulia, nawafikishia. Nina mwaka wa 9 katika kazi hii hapa Mbeya mjini, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: niagize Kariakoo, Dar es Salaam, au niingie soko letu la Mwanjelwa?

Wengi huamua kwa bei. Mimi huanza kujiuliza: kikija kibaya, nitakirudishaje kabla ya tarehe 24? Muuzaji wa Kabwe, hapa hapa mjini, namrudia kwa bajaji siku hiyo hiyo. Aliyeko Dar es Salaam yuko zaidi ya kilomita 800. Kumrudishia kiatu ni nauli ya mzigo kwenda, nauli ya kurudi, na siku ambazo Desemba haina. Fuata hatua hizi ukiwa na swali hilo kichwani.

Hatua ya 1: Orodhesha watu kabla ya vitu

Andika jina, umri, kiasi ulichonacho kwa ajili yake, na mahali anapoishi. Mahali ni muhimu sana huku kwetu. Sweta zito ni zawadi ya heshima kwa bibi wa Makete au Njombe, lakini ukimpelekea wa Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, litakaa sandukuni mwaka mzima. Yeye mpe kanga au shuka jepesi.

Hatua ya 2: Tenga vitu mafungu mawili

Fungu la kwanza ni vitu vinavyogusa mwili: viatu, nguo, vitenge, kanga, mablanketi. Hivi kanunue kwa mkono wako. Picha haikuambii uzito wa blanketi wala kama kitenge kitachuja rangi kikifuliwa mara ya kwanza.

Kanga ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko vyote, kwa sababu ina jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake. Mtandaoni utaonyeshwa rangi na pindo, maandishi yamekunjwa ndani. Mwaka mmoja niliagiza doti kwa ajili ya mama mkwe wa mteja wangu, Tukuyu. Nilipoikunjua nikakuta jina lake ni kijembe cha mtu na mke mwenza wake. Nilinunua nyingine sokoni jioni ile ile kwa pesa yangu. Tangu hapo, dukani namwambia muuzaji aikunjue yote, nalisoma jina kwa sauti, na nampigia mteja simu kumsomea kabla sijalipa.

Kwa viatu vya mtoto aliye mbali, usikubali kuambiwa "ana miaka saba". Mwambie mzazi amsimamishe mtoto wima, akate kijiti cha fagio kwa urefu wa mguu, kisigino hadi ncha ya kidole kirefu, akupe kijiti hicho kupitia dereva wa Coaster au akipime kwa rula akutumie sentimita. Mguu wa sentimita 20 huingia kwenye namba 32 hivi, lakini viwanda havilingani, kwa hiyo dukani tumbukiza kijiti ndani ya kiatu chenyewe. Kibaki na nafasi ya upana wa kidole kimoja. Watoto wetu wengi huvaa kiatu cha Krismasi hadi Krismasi nyingine, hivyo nafasi hiyo si anasa.

Fungu la pili ni vitu ambavyo ni vile vile popote: simu ya toleo fulani, redio, saa ya ukutani, vyombo vya seti, kitabu. Hivi waweza kuviagiza, mradi muuzaji apite hatua ya 4.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya bei kamili

Bei ya kwenye picha si bei. Tuseme begi la mgongoni ni shilingi 18,000 Kariakoo na 24,000 hapa Mwanjelwa. Ongeza 4,000 ya kutuma kwa basi, ada ya kutuma pesa, na bajaji ya kwenda stendi kulichukua. Umeshafika au umeshapita 24,000, na begi hujaligusa. Kuagiza kitu kimoja kimoja mara nyingi hakulipi. Kunalipa mkiungana watu watano au sita, mzigo ukaja kwenye mfuko mmoja na nauli mkagawana.

Hatua ya 4: Mpime muuzaji kabla ya kutuma pesa

Duka la mtandaoni la Jumia lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na wanunuzi wengi ninaowajua huku sasa hununua kwa watu binafsi kwenye Instagram na statasi za WhatsApp. Wengi wao ni mawinga: wanapiga picha mali ya duka la mtu mwingine na kuweka faida yao juu. Uwinga ni kazi halali na ninao mawinga wawili ninaowaamini kama ndugu. Tatizo ni winga ambaye duka analolitegemea likiishiwa, anakutumia kinachofanana.

Kwa hiyo muombe video fupi ya kitu chenyewe, pembeni kukiwa na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mwenye mali haoni shida. Lipa kwa lipa namba ya biashara, na kabla hujaweka namba ya siri soma jina linalotokea. Akikuambia "tuma kwa namba hii nyingine, ile ina tatizo", simama hapo hapo. Ukiona ni utapeli, ripoti namba hiyo kwenda 15040.

Hatua ya 5: Heshimu tarehe

Vya kutoka China kwa meli viagizwe si baada ya Septemba. Vya Dar es Salaam mimi hufunga tarehe 15 Desemba. Baada ya hapo mabasi ya kuja Nyanda za Juu Kusini hujaa watu wanaorudi nyumbani na mizigo yao, na kifurushi chako ndicho kinachobaki.

Nilijifunza kwa uchungu. Mzigo wa watoto wanne ulipakiwa tarehe 22 kwenye basi la kwenda Tunduma. Lilipita Mbeya alfajiri, hakuna aliyeushusha, ukavuka nasi tukiwa tumesimama stendi. Niliupata tarehe 27. Watoto wale walikwenda kanisani na nguo za shule. Sasa namtaka anayetuma aandike kwa kalamu nene MBEYA – USHUSHWE HAPA, jina langu na simu pande mbili, anipigie picha risiti ya mzigo na namba ya basi, na anipe simu ya konda. Konda nampigia basi likiwa Makambako, nampigia tena likikaribia Uyole.

Kitenge cha kushonwa kina tarehe yake: fundi mzuri huacha kupokea kazi za Krismasi wiki ya kwanza ya Desemba.

Hatua ya 6: Nenda sokoni asubuhi, katikati ya wiki

Desemba ni masika yetu, na mvua hupenda kuanza mchana. Saa mbili hadi saa tano asubuhi muuzaji ana nafasi ya kukushushia kila rangi, na mteja wa kwanza hapewi bei ya ukali. Uliza "mwisho ngapi?" kwa upole, nunua vitatu kwa mtu mmoja badala ya kimoja kimoja kwa watu watatu, na pesa ziweke mfuko wa ndani.

Dai risiti. Kisha kubalianeni kubadilisha: "Kisipomtosha nikirudishe hadi lini?" Mwombe aandike tarehe hiyo nyuma ya risiti na jina lake. Ninaowarudia kila mwaka ni wale wanaoandika bila kununa.

Ukinunua simu, iwe dukani au imetoka Dar, bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI (utambulisho wa simu) inayotokea, itume kwenda 15090 usome jibu kama toleo linalingana na simu uliyoshika. Simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016, na mtu anayeuza ya aina hiyo anauza kitu kisichoshika mtandao.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kufunga

Washa redio, chaji simu mpaka ijae, funga na fungua kila zipu, hesabu vikombe vya seti. Kagua viatu vyote viwili. Nimeshakuta wa kushoto namba 32 na wa kulia 33 ndani ya boksi moja. Risiti iweke kwenye bahasha pamoja na kijiti cha kila mtoto. Kazi hii imalize ifikapo tarehe 20, ili Coaster ya asubuhi ya kwenda Tukuyu au Ileje iondoke na zawadi ambayo tayari umeiona ikifanya kazi.