Jinsi ya kuchora na kuendesha ringi ya mwanga wa sinkrotroni, mfano wetu SESAME

Wakuu, ringi ya mwanga wa sinkrotroni ni mashine inayozungusha elektroni kwa kasi kubwa ndani ya bomba, na zikipindishwa na sumaku zinatoa mwanga mkali wa kufanyia utafiti. Ukisoma vitabu vya hii kitu unakuta kila ukurasa matriksi tupu, na hakuna anayekwambia ukipewa karatasi nyeupe uandike nini kwanza. Mimi nasema anza na mwanga unaoutaka. Usianze na sumaku wala jengo, na zaidi ya yote usianze na mashine uliyopewa bure.

Hiyo ya kupewa bure si utani. SESAME, maabara yenye ringi ya namna hiyo iliyopo Allan, Jordan, ilianza hivyohivyo. Mwaka 1997 wanafizikia Herman Winick na Gustav-Adolf Voss walitoa wazo kwamba BESSY I, ringi ya Berlin iliyokuwa inaelekea kufungwa, badala ya kutupwa ipelekwe Mashariki ya Kati ikafanye kazi huko, na Ujerumani ikakubali kuitoa. Wazo la mwanzo lilikuwa kuiunganisha upya na kuiongezea nguvu kidogo. Sasa fanya hesabu uone tatizo. Chukua nishati ya elektroni kwa GeV (bilioni ya elektroni-volti; MeV ni milioni, keV ni elfu), izidishe yenyewe kwa yenyewe, zidisha na nguvu ya sumaku kwa tesla, halafu zidisha na 0.665, jibu linakuja kwa keV na ndo nishati ya katikati ya mwanga unaotoka kwenye sumaku ya kupindisha, yaani nusu ya nguvu iko chini yake na nusu iko juu. BESSY I ilikuwa ya GeV 0.8, weka na tesla 1.5 unapata keV 0.64 tu. Mtu anayetaka kuangalia chuma kwenye udongo anahitaji keV 7.1, na wa kristali za protini anayetumia seleni anataka keV 12.66. Kwa keV 0.64 hao wote unawarudisha nyumbani.

Ndo maana wakabadili mpango. Za BESSY I zikabaki mashine ndogo za kusukumia elektroni tu, maikrotroni ya kuanzishia na busta ya kuzipandisha nishati, na ringi kuu ikajengwa mpya kabisa, GeV 2.5, sumaku 16 za kupindisha zenye tesla 1.455. Rudia hesabu ileile, unapata karibu keV 6, na mwanga wa kutumika unapanda mpaka mara kadhaa ya hapo. Chuma kipo, seleni ipo. Hiyo ndo hatua ya kwanza: orodhesha watumiaji wako wanataka keV ngapi, halafu rudi nyuma mpaka upate GeV.

Ila usijiongezee GeV kwa sifa, maana bili inakuja palepale. Nishati ambayo elektroni moja inapoteza kila mzunguko, kwa keV, ni 88.5 mara GeV kwa kipeo cha nne, gawanya kwa nusu kipenyo cha kona kwa mita. Kipeo cha nne jamani, ukiongeza GeV mara mbili kwenye kona ileile hasara inapanda mara 16! Kwa SESAME nusu kipenyo cha kona ni mita 5.73, kwa hiyo kila elektroni inapoteza keV 603 hivi kwa mzunguko mmoja, na ringi ina mzingo wa mita 133.2, elektroni zinaenda karibu na kasi ya mwanga, kwa hiyo zinazunguka mara milioni 2.25 kwa sekunde. Bimu, yaani mkondo wa elektroni, ikiwa ya milliampia 400, zidisha 603 na 0.4, unapata kilowati 241 zinazotoka kama mwanga muda wote bimu ikiwa ndani. Mwingi unaishia kwenye kuta za bomba zinazopozwa kwa maji, kinachofika kwa mtafiti ni kipande kidogo sana.

Hizo kilowati lazima uzirudishe, na kazi hiyo inafanywa na kaviti, yaani vyumba vya metali vinavyoisukuma bimu kwa mawimbi ya redio. SESAME wana kaviti 4 za megahezi 500, kila moja na amplifaya ya transista ya kilowati 80, jumla 320. Ukitoa 241 za bimu zinazobaki zinaliwa na kuta za kaviti zenyewe, kwa hiyo unaona hakuna cha ziada cha kuchezea. Na hapo hujahesabu umeme wa sumaku, pampu za maji, viyoyozi, wala ule unaopotea kwenye amplifaya. Bili ya umeme ilikuwa tishio la kweli kwa SESAME, mpaka mwaka 2019 wakafungua shamba lao la sola la megawati 6.5. Kama unachora ringi kwa ajili ya nchi ambayo umeme ni ghali, weka hiyo kwenye bajeti siku ya kwanza, si baada ya kukata utepe.

Haya, sasa emitansi. Hii ndo namba watu wanaringiana nayo. Ni ukubwa wa bimu ukizidisha na inavyotawanyika, kipimo chake nanomita-radiani, na ikiwa ndogo mwanga unakuwa mkali na mwembamba. Inatoka wapi? Elektroni ikitoa fotoni (chembe ya mwanga) ndani ya kona inapungukiwa nishati ghafla, na yenye nishati pungufu inapita njia tofauti kidogo na wenzake, kwa hiyo inaanza kuyumba. Ni kama daladala inayokata kona kali, abiria wote wanatupwa upande, lakini kona ileile ukiivunja ikawa vikona vidogo vingi hakuna hata anayeshika bomba. Kwa hesabu, emitansi inakwenda na kipeo cha pili cha GeV mara kipeo cha tatu cha pembe ya sumaku moja. Ukigawa sumaku moja kuwa mbili emitansi inaweza kushuka mara nane, ukizipanga sawasawa. SESAME na sumaku zake 16 wako kwenye nanomita 26. MAX IV ya Lund, Sweden, iliyofunguliwa 2016, ina GeV 3 na mzingo wa mita 528, imepangwa seli 20 zenye sumaku 7 za kupindisha kila moja, na ipo kwenye 0.33. ESRF ya Grenoble walifunga ringi yao ya zamani iliyokuwa na nanomita 4, wakaweka mpya ndani ya handaki lilelile, na mwaka 2020 wakarudi na 0.13 hivi.

Mbona basi wote hawakufanya hivyo tangu zamani? Kwa sababu inauma mahali pengine. Ukitaka vikona vingi unahitaji kwadrupoli (sumaku za ncha nne) kali za kukusanya bimu katikati ya kila kikona, kwadrupoli kali zinashindwa kuzikusanya vizuri elektroni zenye nishati tofauti, hiyo ndo kromatisiti, unairekebisha kwa sekstupoli (sumaku za ncha sita), na sekstupoli nazo zikiwa kali zinavuruga njia za elektroni zilizo mbali na katikati mpaka eneo salama linakuwa dogo na elektroni mpya ukizisukuma ndani zinagonga ukuta. Kwa mtazamo wangu sehemu hii inakula muda wa mchoraji kuliko zote, kupata emitansi ndogo kwenye kompyuta ni kazi ya wiki, kupata ringi yenye emitansi ndogo inayokubali kuingiza bimu ndo kazi yenyewe. Angalia pia tyuni, yaani bimu inayumba mara ngapi kwa mzunguko mmoja. Isiwe namba kamili, isiwe na nusu, maana kosa dogo la sumaku moja litajirudia kila mzunguko na kukua mpaka bimu ife.

Acha sehemu zilizonyooka za kutosha kwa ajili ya anduleta, yaani safu ya sumaku inayoiyumbisha bimu huku na huku ili itoe mwanga mkali zaidi. Ukiwa na GeV 3, gama (nishati ya elektroni ukigawa kwa nishati yake ikiwa imetulia) ni 5,871, anduleta yenye hatua ya milimita 20 unaigawa kwa mara mbili ya gama kipeo cha pili, unapata urefu wa wimbi la mwanga wa nanomita 0.29, halafu unauongeza kulingana na nguvu ya sumaku zake. Milimita mpaka sehemu ya nanomita, hiyo hesabu mimi bado inanifurahisha.

Vakyumu, yaani kuondoa hewa kwenye bomba. Lenga kama sehemu moja ya bilioni ya milibari bimu ikiwa ndani, si bomba likiwa limelala. Mwanga ukigonga ukuta unatoa gesi iliyojificha kwenye metali, kwa hiyo ringi mpya bimu yake inaisha haraka na hamna cha kufanya zaidi ya kuendesha tu, wiki baada ya wiki, mpaka mwanga wenyewe usafishe kuta. MAX IV wamepaka ndani ya mabomba yao ya shaba utando unaonyonya gesi, kwa sababu mabomba ni membamba na pampu za kawaida hazifikii vizuri. Na kabla ya kufunga bomba, chungulia! Mwaka 1996 kule CERN, maabara ya fizikia ya Geneva, bimu ya ringi yao kubwa ya LEP iligoma kuzunguka, kumbe ndani ya bomba kulikuwa na chupa mbili za bia.

Utulivu ndo unaotofautisha ringi nzuri na ringi yenye namba nzuri. Bimu ya kisasa ina urefu wa mikroni chache tu kwenda juu, na mazoea ni kwamba isisogee zaidi ya asilimia 10 ya ukubwa wake. Joto la handaki na maji ya kupozea lishikiliwe ndani ya sehemu ya kumi ya digrii. Sakafu iwe zege moja nene. MAX IV ipo jirani na barabara kuu, wakatengeneza vilima vya nyasi kuzunguka jengo ili mtetemo wa malori uvunjike kabla haujafika. Na usidhani mwezi haukuhusu: LEP yenye kilomita 27 ilikuwa inatanuka na kusinyaa kama milimita moja kwa mvuto wa mwezi na jua, na waliiona kwenye nishati ya bimu. Juu ya hayo yote weka sensa za kusoma nafasi ya bimu na fidibeki inayosahihisha mara nyingi kwa sekunde.

Tuje kwenye kuwasha. Kwanza kabisa watu wote watoke, handaki likaguliwe kwa miguu kona kwa kona, funguo zirudi zote kwenye ubao, hata moja ikikosekana hakuna bimu na hakuna bosi wa kukubadilisha mawazo. Pili, zungusha sumaku zote kwenye mzunguko wao wa umeme, juu chini juu, maana chuma kinakumbuka jana ulikiacha wapi. Tatu, ingiza bimu ndogo. Kwa SESAME maikrotroni inatoa MeV 22, busta inapandisha mpaka MeV 800, inaingia ringi kuu, na ikishajaa ndo ringi yenyewe inapanda mpaka GeV 2.5 bimu ikiwa ndani. Wakati wa kupanda sumaku zote lazima ziende pamoja, kwadrupoli zikichelewa kidogo tyuni inahama na umepoteza kila kitu. Wenye busta kubwa, kama Diamond ya Uingereza, wanaingiza kwa nishati kamili na kuongezea bimu kila baada ya dakika 10, vioo vya watafiti vinabaki na joto lilelile siku nzima. Kama unaanza upya na hela ipo, chukua njia hii ya pili bila kujiuliza.

Ukishapata bimu, sahihisha njia, pima tyuni, pima kila sensa inavyojibu ukigusa kila sumaku ndogo, kompyuta itakuambia kwadrupoli gani inadanganya. Kromatisiti iache chanya kidogo. Acha pengo kwenye mstari wa mafungu ya elektroni ili ayoni (chembe za gesi zenye chaji) zilizonaswa zipate mwanya wa kutoka.

Bimu ikifa ghafla usianze kugusagusa. Kwanza soma kumbukumbu zenye muda, nani alianguka wa kwanza, kwa sababu sekunde moja baadaye kila kitu kitakuwa chekundu na kila mtu atalaumu kila mtu. Mara nyingi ni redio, kisha vakyumu, kisha umeme wa sumaku, kisha maji. Ikiwa haijafa ila inatetemeka na kuvimba kadri milliampia zinavyopanda, shuku kaviti, zina midundo mingine isiyotakiwa inayosukuma mafungu ya elektroni; badilisha joto la kaviti kidogo uone inahama au la. Ikiwa haifi ghafla ila inapungua haraka kuliko kawaida na vakyumu ni nzuri, basi elektroni zinagongana zenyewe ndani ya fungu na kutupana nje. Hiyo mwanafizikia Bruno Touschek na wenzake waliiona kwenye ringi ndogo ya AdA mwaka 1963, na dawa ni kuyarefusha mafungu au kuinenepesha bimu kidogo kwenda juu.

Huhitaji kusubiri ringi ijengwe Afrika ndo uanze, na kweli ndo bara pekee lenye watu ambalo halina hata moja. Programu za kuchorea kama Elegant, MAD-X na Accelerator Toolbox ni za bure, ya mwisho inakwenda na Python, na laptop ya kawaida inatosha. Zoezi la kwanza: tafuta mpangilio wa sumaku za SESAME, uandike, iambie programu ikupe emitansi na hasara ya kila mzunguko. Ukipata nanomita 26 hivi na keV 600 na kidogo uko sawa, anza kubadilisha kwadrupoli moja moja uone kinachotokea. Programu ikikwambia ringi haishiki bimu kabisa, kabla hujalaumu fizikia angalia kama pembe za sumaku umeandika kwa digrii badala ya radiani.