Kupima kamera mbili kabla ya kununua moja ya kupigia picha ukumbini usiku

Ukitaka kununua kamera ya kupigia picha za sendofu kwenye kumbi za hapa Mbeya, ambazo taa zake mara nyingi ni hafifu, usidanganywe na idadi ya megapikseli iliyoandikwa kwenye boksi. Nenda dukani na kadi yako ya kumbukumbu, omba kamera zote mbili, kisha upige kitu kilekile kwenye kona yenye giza, ukiweka ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200, kasi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, 1/60 ya sekunde, na uwazi uleule wa lenzi (tundu la kupitishia mwanga). Mimi hupiga kitambaa cheusi, kwa kuwa chenga (vidoadoa vinavyoharibu picha) huonekana upesi zaidi kwenye weusi. (Muuzaji akikataa, hama duka.) Zikuze picha hizo kwenye kompyuta, maana kioo kidogo cha kamera huficha mengi. Sensa (kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24 ina eneo zaidi ya mara mbili ya ile ya 23.5 kwa 15.6, hivyo hukusanya mwanga mwingi zaidi. Hata hivyo, kama fedha ni kidogo, ningeanza na lenzi: uwazi wa f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) hupitisha mwanga unaokaribia mara nne ya ule wa f/3.5.