Cheti cha droni na mipaka yake: kwa walio ughaibuni

Ukiona Mswahili mwenzako anapiga picha za harusi kwa droni huko Minnesota au Hamburg, usikimbilie kununua yako kabla hujajua nchi uliyopo inapima nini.

Marekani hupima nia. Anayerusha kwa kujifurahisha hufanya jaribio la bure mtandaoni, TRUST. Lakini video ya harusi ya binamu yako ukiitumia kutangaza biashara, hiyo tayari ni kazi, na kazi inadai cheti cha Part 107 cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani: umri miaka 16 na kuendelea, maswali 60, alama za kufaulu asilimia 70, ada dola 175, mtihani unafanyiwa kituoni. Kila miezi 24 unapitia mafunzo ya marudio mtandaoni, bure. Uraia hauulizwi. Ila wanafunzi nisikilizeni vizuri: cheti hicho si ruhusa ya kufanya kazi. Kama viza yako hairuhusu kulipwa, hairuhusu hata ukiwa rubani hodari.

Umoja wa Ulaya hupima hatari, yaani uzito wa droni na ukaribu wake na watu. Kulipwa si hoja. Cheti cha msingi, A1/A3, ni maswali 40 mtandaoni, kwa asilimia 75, na ukikipata Ujerumani kinakubalika Ureno hadi Finland kwa miaka 5. Kwa mtu wa kuhamahama sijaona kilicho bora zaidi. Hakikufai Uingereza, yenye utaratibu wake: tangu Januari 2026 hata droni ya gramu 100 inahitaji Flyer ID, yaani kitambulisho cha mrushaji, na kazi ya malipo lazima iwe na bima. Kanada nayo inadai cheti kuanzia gramu 250.

Sasa safari ya nyumbani, ambako wengi wanaumia. Vyeti vyote hivyo havikupi haki ya kurusha Mombasa wala Arusha. Kenya ina kanuni zake chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kibali cha kuingiza droni kinatafutwa kabla ya kupanda ndege. Bila hicho forodha wataishikilia. Tanzania, mbali na kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, kuna cha Wizara ya Ulinzi. Anza kuomba miezi kadhaa kabla. Muda ukikubana, iache droni ughaibuni, umlipe rubani wa nyumbani mwenye leseni.