Land Cruiser VX ya Toleo la 100 Inapokosa Nguvu: Namna ya Kufuatilia Hitilafu za Mfumo wa Mafuta

Land Cruiser ya toleo la 100, ambayo Toyota ilianza kuiuza mwaka 1998 na kuisitisha mwaka 2007, ingali gari la heshima katika barabara za Tanzania, Kenya na Uganda. Nyingi zilianza maisha katika misafara ya serikali na ya mashirika, zikapitia minada, na sasa zimo mikononi mwa watu binafsi walionunua starehe ya VX, yaani daraja lake la kifahari, kwa bei nafuu bila kujua gari lilitunzwa vipi huko nyuma. Hitilafu za mafuta ndizo huwafikisha wengi wao gereji: gari linakosa nguvu mlimani, linasumbua kuwaka asubuhi, linanuka petroli au linazima ghafla. Jibu linalotolewa haraka huwa ni kubadilisha pampu au nozeli (vipulizaji vya mafuta), yaani spea za bei kubwa kuliko zote katika mfumo huo. Kwa maoni yangu hilo ni jibu la mwisho, si la kwanza, kwa sababu katika magari ya umri huu chanzo mara nyingi ni uchafu, hewa au umeme hafifu, na vyote vitatu hupimika kwa vifaa vya bei ndogo.

Kabla ya lolote, hakikisha unajua injini uliyo nayo. VX ya petroli ina injini ya V8 (silinda nane katika pande mbili) ya lita 4.7 iitwayo 2UZ-FE, ilhali ya dizeli ina injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 4.2 yenye turbo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi injini), iitwayo 1HD-FTE. Ndugu yao wa toleo la 105 hupatikana na dizeli isiyo na turbo, 1HZ, na mengi yatakayosemwa hapa kuhusu hewa na maji katika dizeli yanaihusu nayo pia.

Usalama hautaki maneno mengi. Fanya kazi mahali penye hewa ya kutosha, gari likiwa limepoa, na kizima moto cha unga kikiwa karibu. Kwa petroli, toa kwanza presha iliyobaki kwenye mabomba: chomoa fyuzi au relei (swichi ya umeme) ya pampu, washa injini uiache izime yenyewe, kisha ondoa waya hasi wa betri. Funika kiungo kwa kitambaa unapokilegeza, kwani mafuta kidogo yatatoka hata hivyo.

Halafu jiulize hitilafu inatokea lini, na uandike jibu kabla ya kushika spana. Gari linalokosa nguvu likiwa na mzigo au likipanda mlima, lakini limetulia likiwa limesimama huku linanguruma, linaashiria kwamba mafuta hayafiki kwa wingi unaotakiwa. Gari linalosumbua kuwaka asubuhi tu, kisha likaenda vizuri siku nzima, linaashiria kwamba mafuta hurudi tangini usiku. Linalosumbua likiwa la moto, baada ya kusimama robo saa sokoni, lina tatizo jingine kabisa. Fundi akikosa maelezo haya analazimika kubahatisha, na gharama ya kubahatisha hulipwa na mwenye gari.

Injini ya petroli

Petroli husukumwa na pampu ya umeme iliyozama ndani ya tangi, hupita kwenye chujio, hupanda hadi bomba la injekta (vipulizaji vya petroli), na ziada yake hurudi tangini kupitia kidhibiti presha. Wengi hufungua ufunguo, wakasikiliza mlio wa pampu, na wasipousikia wakahukumu kwamba imekufa. Hukumu hiyo ina hatari, kwa kuwa Toyota nyingi za kizazi hicho haziipi pampu umeme mpaka stata izunguke. Mtu mmoja asikilize nyuma ya gari wakati mwingine anapiga stata, au bora zaidi, pima.

Geji ya presha ya mafuta ndicho kifaa chenye thamani kuliko vyote hapa. Katika 2UZ-FE presha inapaswa kuwa kati ya kilopaskali 265 na 304, yaani takriban psi 38 hadi 44, na baada ya kuzima injini isishuke chini ya kilopaskali 147, yaani psi 21, kwa dakika tano. Presha ikiwa nzuri lakini ikaporomoka mara tu injini inapozimwa, vali ndogo ya kuzuia mafuta kurudi iliyo ndani ya pampu imechoka, au kidhibiti hakifungi, au injekta mojawapo inavuja. Presha ikiwa ndogo muda wote, bana taratibu mpira wa kurudishia mafuta kwa koleo uliloviringishia kitambaa: ikipanda ghafla, kidhibiti ndicho kibovu, isipopanda, rudi nyuma kwenye chujio, umeme na pampu, kwa mpangilio huo huo.

Kidhibiti kina jaribio lake rahisi zaidi, ambalo halihitaji hata geji. Kimeunganishwa na mpira mwembamba wa vakyumu (mvuto wa hewa) unaotoka kwenye njia ya hewa ya injini. Uchomoe mpira huo na uutazame mdomo wake: ukiwa umelowa petroli au ukinuka petroli mbichi, utando wa ndani umetoboka na injini inakunywa mafuta kwa njia isiyo yake. Gari la namna hii hutumia mafuta mengi, hutoa moshi mweusi linapowaka, na plagi zake huwa nyeusi kama masizi ya chungu, na hakuna usafishaji wa injekta utakaoliponya.

Upande wa umeme, pima volti kwenye plagi ya pampu injini ikiwa inafanya kazi. Pampu hufikiwa kupitia kifuniko kilicho sakafuni chini ya viti vya safu ya pili, baada ya kuinua kapeti. Safisha vumbi la juu yake kabla ya kufungua chochote, kwa kuwa mchanga unaoanguka tangini utairudisha kazi hii kwako. Injini ikiwa haina mzigo usishangae kukuta volti pungufu, kwani pampu huzungushwa polepole kupitia rezista (kipunguza umeme), na mzigo ukiongezeka relei huipa umeme kamili. Mpangilio huo una hitilafu yake maalumu: gari linashika wakati stata inazunguka, kisha linazima mara tu unapoachia ufunguo. Hapo tuhumu rezista, relei na viungo vya nyaya kabla ya pampu. Waya wa ardhi uliooza kwa kutu huleta dalili zile zile, na dawa yake ni msasa na boliti mpya.

Ukiwa na mashine ya kusomea hitilafu, misimbo P0171 na P0174 ikija pamoja inamaanisha pande zote mbili za V8 zinapata mafuta machache kuliko hewa. Usinunue sensa za oksijeni kwa sababu ya misimbo hiyo peke yake. Tazama marekebisho ya mafuta yanayofanywa na kompyuta: yakiwa juu injini ikiwa imetulia na kushuka mizunguko ikiongezeka, kuna mpira wa vakyumu unaovuja, yakizidi kupanda kadiri mzigo unavyoongezeka, mafuta hayatoshi, au sensa ya kupimia hewa imechafuka na inadanganya. Sensa hiyo husafishwa kwa dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili yake, bila kuigusa kwa brashi wala kitambaa.

Harufu ya petroli pamoja na mlio wa mvuke kwenye kifuniko cha tangi, hasa gari likiwa limepanda sehemu za juu kama ukingo wa Ngorongoro ulio zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, hutokana na petroli kuchemka upesi hewa inapokuwa nyepesi. Kinachoweza kurekebishwa ni mfumo wa kunyonya mvuke, wenye kopo la mkaa na mipira yake, ambao huharibiwa na tabia ya kujaza tangi mpaka mdomoni. Bomba la sheli likikata lenyewe, mwambie mhudumu aache hapo.

Injini ya dizeli

Dizeli ya 1HD-FTE ni kisa kingine, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Injini hii haina pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu kubwa iliyo mbele, kando ya injini, huyavuta mafuta yenyewe kutoka tangini, kupitia chujio lenye kisukumio cha mkono juu yake. Maana yake ni kwamba njia yote kati ya tangi na pampu ina mvuto badala ya presha, na tundu dogo katika njia hiyo halidondoshi dizeli bali linaingiza hewa. Unaweza kulala chini ya gari na tochi usione hata tone moja, huku asubuhi ukipiga stata mpaka betri ikachoka.

Anza na kisukumio cha mkono. Gari likiwa limelala usiku mzima, kisukume kabla ya kuwasha. Kikiwa kigumu mara moja, mafuta yamebaki mahali pake; kikiwa chepesi kwa misukumo mingi kisha kikawa kigumu, na gari likawaka kwa mara moja, hewa iliingia na mafuta yakarudi. Sasa itafute njia yake: mipira iliyopasuka karibu na klempu, oringi (pete ya mpira) ya chujio iliyokunjwa na fundi aliyekuwa na haraka, utando wa kisukumio chenyewe ulioisha, plagi ya kutolea maji isiyokazwa, au bomba la juu ya tangi lililoliwa na kutu mahali ambapo matope hukaa.

Kubainisha sehemu, katisha mpira unaoingia kwenye pampu na uweke kipande cha mpira unaoonyesha ndani. Washa injini na utazame. Viputo vichache mwanzoni ni vya kawaida, lakini mnyororo wa viputo usiokoma, unaoongezeka ukikanyaga mafuta, ni ushahidi tosha. Kisha sogeza mpira huo kabla ya chujio. Viputo vikitoweka, hewa inaingia kwenye chujio au kisukumio. Vikibaki, inaingia nyuma, upande wa tangi.

Jaribio la dumu linamaliza ubishi uliobaki. Chukua dumu safi lenye dizeli uliyoichuja, liweke juu kidogo ya injini mahali lisipoweza kuanguka, elekeza humo mpira wa kuvutia na ule wa kurudishia mafuta, toa hewa kwa kisukumio, kisha uendeshe polepole ndani ya uwanja wa gereji na ukanyage mafuta mpaka mizunguko ya juu. Gari likirudisha nguvu zake, pampu na nozeli hazina kosa: tangi, chujio la ndani ya tangi au mabomba yameziba au yanavuta hewa. Likibaki vile vile, hapo tu ndipo panapostahili kumwita fundi pampu. Sioni sababu ya mtu kukubali pampu yake ifunguliwe kabla jaribio hili halijafanyika.

Nozeli zenyewe huchoka, hilo halina ubishi. Moshi mweupe wenye harufu kali asubuhi, injini kugonga ikiwa baridi, na silinda moja kukosa kuwaka ni dalili zake. Zipelekwe kwenye mashine ya kupimia, ionekane zinafunguka kwa presha gani na zinapuliza vipi, na zikirudishwa ziwekewe washa (pete) mpya za shaba. Moshi mweusi, kwa upande mwingine, mara nyingi ni ukosefu wa hewa: angalia chujio la hewa na mipira ya turbo kwanza. Oili ya injini ikianza kuongezeka kwenye kijiti badala ya kupungua, na ikinuka dizeli, usiliendeshe gari hata kilomita moja zaidi, kwa sababu oili iliyoyeyushwa huua beringi.

Mafuta yenyewe

Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, haina kilainishi kingine. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inaikausha, na tatizo hilo halikuwa dogo: Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kikemikali, katika mafuta mwaka 2010 ili kuugundua uchakachuaji. Tangu 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, jambo jema kwa mapafu ya watu, lakini oringi kuukuu zilizozoea dizeli ya awali zinaweza kusinyaa na kuvuja. Pampu inayolowa dizeli kwa nje huenda inahitaji seti ya oringi tu.

Taa ya chujio ikiwaka kwenye dashibodi ni maji. Weka chombo chini ya chujio, legeza plagi ya chini, sukuma kwa mkono mpaka itoke dizeli safi, kisha kaza. Taa ikirudi siku chache baadaye, maji yamo tangini, na tangi litolewe lisafishwe. Kuendelea kumwaga maji ya chujio ni kuahirisha kazi. Chujio lenyewe mimi ningelibadilisha kila kilomita 10,000 kwa mazingira yetu, tena la kiwanda au la kampuni inayoaminika, kwa kuwa machujio bandia yenye karatasi hafifu yamejaa sokoni na hupitisha kile kile unacholipia kizuiwe.

Baadhi ya VX zina tangi la pili, ambalo wamiliki wengi hawalitumii kwa kuogopa gharama ya kulijaza. Tangi lililokaa tupu kwa miaka hukusanya unyevu na kutu, na siku ya safari ndefu linapojazwa, uchafu wote huo huelekea kwenye chujio. Kama hulitumii, lifunguliwe na kusafishwa kabla ya safari, kisha utembeze lita chache humo mjini, karibu na gereji, siku kadhaa kabla ya kulijaza.