Kabla ya kujaza msimbo wa forodha wa kamba (prawns), uliza kama ana gamba

Wengi wakisikia viumbe wa baharini "waliogandishwa" wanakimbilia kundi moja tu la HS, yaani mfumo wa kimataifa wa misimbo ya bidhaa forodhani. Kugandishwa peke yake hakutoshi. Kamba, kaa na kambakochi wako 0306. Pweza, ngisi na chaza wako 0307. Hao hawachanganywi hata kama wamefungwa katoni moja.

Kinachowaponza watu ni kuchemsha. Kamba aliyechemshwa kwa maji au mvuke akiwa na gamba lake anabaki 0306. Akimenywa kisha akachemshwa, anahamia 1605 (kundi la waliotayarishwa au kuhifadhiwa), na ushuru nao unaweza kubadilika. Pweza hana gamba la kumtetea: akichemshwa tu, ni 1605.

Kamba wetu wa Rufiji au Ghuba ya Ungwana, wakiwa wabichi na wamegandishwa, ni 0306.17. 0306.16 ni ya kamba wa bahari za baridi, basi usiwaite hivyo kwa sababu wametoka kwenye friza (nimeshaona!). Kambakochi wetu aliyegandishwa ni 0306.11, pweza mbichi aliyegandishwa 0307.52.

Kwenye ankara andika jina la kisayansi, kama ana gamba, na kama amepikwa. "Seafood" pekee haimsaidii wakala wako wa forodha.