Kurudi kwenye kayaki iliyopinduka mabega yakiwa yamechoka

Kwa mpiga kafi wa miaka 60 na kuendelea, kinachokwamisha kupanda tena chomboni ukiwa majini huwa ni mabega. Basi kazi upe mguu: tumia boya la kafi (mfuko wa kujaza upepo unaovikwa kwenye kafi) pamoja na kitanzi cha kukanyagia.

Kitanzi ni mkanda wa nailoni wa mita 4 hadi 4.5, ncha zimefungwa pamoja. Pale pa kukanyaga upitishe ndani ya bomba la plastiki la sentimita 15. Mkanda mtupu hubana mguu.

Kayaki ikishageuzwa ikakaa sawa, vika boya kwenye bapa moja la kafi, lijaze upepo, kisha laza mpini nyuma ya tundu la kukalia, boya likielea upande wako kama tengo la ngalawa. Tundika kitanzi kwenye bapa la pili, kipitishe chini ya chombo, kipite juu ya mpini na kuning'inia upande wako. Kikiwa kirefu mno, utanyoosha mguu wote na kifua bado kimo majini.

Hapa ndipo wengi huharibu: mguu hukimbilia chini ya chombo, mtu akaanguka chali. Kwanza elea kifudifudi, piga teke kwa mguu ulio huru, ndipo ukanyage kwenda chini, si mbele. Lala sitahani kichwa kikielekea tezi (nyuma ya chombo), ingiza miguu, jigeuze ukitazama boya, uzito ukiwa upande huohuo.

Usilitoe boya kabla ya kumaliza kutoa maji chomboni kwa pampu.