Mkongwe wa taarab, usikimbie kinanda cha vijana

Basi wewe umezoea udi na ganuni, ala za nyuzi za zamani, leo kila harusi ya Mjini wanataka rusha roho, taarab ya kisasa ya kinanda na kucheza, ufanyeje? Kwanza sauti usiiguse. Mtizame Big Joe Turner wa Kansas City Marekani, muimbaji wa jump blues (blues ya mdundo wa haraka) kazaliwa 1911, rock and roll ilivopanda yeye 1954 karekodi Shake, Rattle and Roll vijana wakamdaka, na akaimba vilevile kwa sauti ya kupaza kama alivokuwa akiimba na piano miaka ya 1930 (Bill Haley nae mwaka huohuo akaichukua akayasafisha maneno).

Sasa chagua nyimbo yako moja tu, kata ule utangulizi mrefu wa ala, kijana wa kinanda akuekee mdundo, mfanye mazoezi nyumbani kwanza. Mafumbo yabaki jamani, mabibi wanainuka kutunza kwa neno sio kwa spika! Ganuni itafutie maiki yake, bila hivo haisikiki kabisa. Fidla nae apewe japo dakika moja. Na pesa mkubaliane kabla hamjapanda jukwaani.